Mwanaidi Ndani ya Tone

Shangazi yetu, dada wa baba, alifariki mwezi uliopita, na katika miaka yote aliyotutembelea tukiwa wakubwa hakuwahi kunywa hata funda la maji nyumbani kwetu. Alikuwa akija kutoka Lamu, anakaa ukingoni mwa kiti, anaulizia hali zetu, na kila akiletewa chai husema amefunga. Alifunga hata siku ambazo hakuna afungaye. Tuliporudi matangani, mdogo wangu Mwanaidi aliniuliza jambo ambalo nadhani amelibeba tangu zamani.

"Dada, Shangazi alikuwa akituona wachafu?"

Nilikuwa nimeinama juu ya kifumbu, nakamua tui la wali. Tone moja likaanguka kwenye bakuli, likaruka, likatulia. Harufu ile ikanijaa puani na mara nikaiona kaniki nyeusi imepigiliwa misumari dirishani. Nikamwambia akae, kwa sababu jibu lilikuwa refu na lilianzia katika nyumba ya mtu ambaye yeye hamkumbuki.

Mama alifariki joto la kaskazi lilipokuwa linamalizika. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa ametangulia. Tulibaki watatu katika vyumba viwili vya udongo hapa Malindi: mimi niliyekuwa darasa la sita, Athmani aliyenifuata, na Mwanaidi ambaye alikuwa bado anavaa gauni lake nyuma mbele bila kujua. Shule sikurudi. Hakuna aliyeniambia niache; asubuhi moja tu nilikuta kwamba mtu wa kuwasha moto ni mimi.

Hospitalini, siku ya mwisho, nilikaa kando ya kitanda cha mama nikitazama chupa ya dripu. Sikuweza kumtazama yeye usoni. Mpira mwembamba ulishuka kutoka kwenye chupa hadi mkononi mwake, na katikati ya mpira palikuwa na kibomba kinachopenyeza mwanga, ambamo matone yaliangukia moja moja. Hakuna aliyenieleza ni ya kazi gani. Niliona tu kwamba chupa inapungua na mama naye anapungua. Kisha muuguzi akaja akaufunga mpira, akatutoa nje. Kwa akili yangu ya wakati ule, mama alikuwa ameondoka kwa njia ile, tone baada ya tone, mbele ya macho yangu, nami nimekaa kitako.

Siku ya arobaini Shangazi alisema mbele ya wanawake wote, "Huyu mdogo nitamchukua mimi. Idi ikipita nakuja."

Wanawake wakamshukuru, wakamwombea. Nami nikasema "Haya, Shangazi," maana mtoto hamwambii mtu mzima hapana. Lakini nilikuwa nimemwona akiishika mikono ya Mwanaidi, akiigeuza huku na huku kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Nikaapa moyoni kwamba atakapokuja atakuta jikoni kuna moto na watoto wameshiba, akose la kusema.

Kazi aliniletea Bi Rukia, jirani yetu, ambaye alikuwa akifua nguo za wageni wa hoteli. Mvua zilikuwa zimeanza na Ramadhani imeandama. Alikuja amejifunika gunia kichwani.

"Kuna mzungu ameingia katika ile nyumba ya mawe, njia ya kwenda ufukweni. Mwanamke, peke yake. Anataka mtu wa kumkunia nazi."

"Anakula nazi?"

"Hali. Anataka tui tu. La kwanza, lile zito. La pili hana haja nalo, wala machicha."

"Sasa anapikia nini?"

"Ndiyo nakwambia fungua macho, mwanangu. Jiko lake halijawashwa tangu aingie, anakunywa kahawa na kula mkate mkavu. Halafu tazama majira. Wenzake wote wameondoka, hoteli zimefunga milango, yeye ndiyo kwanza anaingia. Mtu anayeingia wenzake wakitoka, ana lake."

Nikaenda hivyo hivyo, na macho yangu wazi.

Nilimkuta ni mtu mrefu mwenye nywele fupi za mvi, shati la kiume, vidole vya manjano kwa sigara. Kiswahili chake kilikuwa cha vipande vipande lakini kinaeleweka. Alinionyesha baraza ya uani, nikaweka mbuzi yangu ya kukunia, na kila siku baada ya adhuhuri nikawa nakuna, nakamua, nampelekea bakuli mlangoni. Mlango wa chumba chake haukuwa ukifunguka zaidi ya upana wa mkono. Machicha na tui la pili nilichukua nyumbani, tukafuturia. Nazi iliyobaki niliipikia vibibi, vile vimkate vya unga wa mchele, Athmani akavitembeza jirani kabla ya magharibi. Kwa upande huo mambo yalikuwa yananyooka. Ni upande wa chumba kile ambao haukuninyookea.

Kwanza ilikuwa kaniki. Alizinunua dukani nyingi, mwenye duka mwenyewe akaja kutuuliza mzungu amefiwa na nani. Akazipigilia madirishani ndani na nje, mpaka ufa wa mlango wa uani akauziba. Kwetu mtu anayejifungia na kaniki mchana ama ana msiba ama ana wageni wasioonekana. Halafu ilikuwa mianga. Nikiwa nakuna nazi, ghafla chini ya mlango ulimulika mwanga mweupe, mfano wa radi, lakini bila ngurumo. Kimya. Kisha mwingine. Nami nikisubiri ngurumo ambayo haikuja.

"Anapika radi," alisema Athmani nilipomweleza.

"Radi haipikwi, mjinga wewe."

"Basi tui la nini?"

Yeye ndiye aliyempa jina la Mama Tone, baada ya siku niliyopata kuchungulia.

Siku hiyo mzungu alikuwa ameenda kuongea na mtu wa mitungi ya gesi langoni, akausahau mlango wazi. Nikasukuma kidogo. Katikati ya chumba palikuwa na meza, juu ya meza sahani kubwa nyeupe imejaa tui langu. Mbele ya sahani kamera imesimama juu ya miguu mitatu, na kati ya kamera na jicho lake palikuwa na mkunjo mrefu mweusi, kama wa kinanda cha kuvuta, uliolinyoosha jicho lile mpaka karibu liiguse sahani. Sahani nyingine ilikuwa na maji mekundu yanayoelekea manjano. Na juu ya yote, kwenye ndoano ya dari, ilining'inia chupa ya dripu, na mpira wake, na kibomba chake. Tone likaanguka mbele yangu. Likapiga tui, na tui likarushwa juu.

Nilirudi kwenye baraza, nikakalia mbuzi yangu. Wala si kwamba nilijua ni kitu gani. Nilijua tu kwamba chupa ile nimeiona ikifanya kazi.

Na sahani nazo nilizijua, au nilidhani nazijua. Mtu wa kwetu akiugua, mwalimu wa chuo cha Kurani huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Maandishi huoshwa kwa maji na marashi kidogo, na mgonjwa huyanywa. Hilo ndilo kombe. Mama alikunywa kombe kabla ya kupelekwa hospitali, nami ndiye niliyemshikia bakuli. Kwa hiyo nilikuwa na hakika ya jambo moja: kinachowekwa ndani ya maji, maji hukishika, na anayekunywa maji hukipata. Sahani nyeupe, maji ya rangi ya zafarani, chumba cha giza. Mama Tone alikuwa anatengeneza kombe. Nisichokijua ni kwa ajili ya nini.

Ningeacha kazi siku ile kama si vibibi vya Athmani. Nilibaki, ila nilijiwekea masharti. Sili chake. Simpi mgongo. Na Mwanaidi asikanyage pale.

Sharti la mwisho ndilo lililovunjika. Siku moja Athmani alikuwa chuoni na Bi Rukia ameenda mazikoni, sikuwa na pa kumwacha mtoto. Nikamkalisha karibu na mbuzi, nikamwambia asitoke hapo. Siku hiyo jua lilichomoza baada ya mvua nyingi, na Mama Tone, ambaye huwa hafungui, alifungua mlango wa uani wazi kabisa. Alileta meza karibu na mlango, akaweka sindano ndefu mbele ya kamera yake. Kutoka kichupa fulani akachukua maji mazito na kulitundika tone moja kwenye ncha ya sindano. Halikuanguka. Lilibaki limening'inia, linatetemeka.

Nilipoinua macho kutoka kwenye nazi, Mwanaidi alikuwa amesimama uani na gauni lake la manjano, anamtazama mzungu. Mzungu naye ameinama nyuma ya kamera. Ukasikika mlio mdogo, kama ulimi unavyogonga kaakaa.

"Mwanaidi. Njoo hapa."

Mama Tone akainua kichwa, akatabasamu, akamnyooshea biskuti. Nikasema amefunga. Mtoto wa umri ule.

"Mdogo sana kufunga," alisema.

"Kwetu hufunga," nikajibu.

Siku chache baadaye, nilipopeleka bakuli, nilikuta mlango wazi naye hayupo, nikaona picha zimeanikwa kwenye kamba ndani ya bafu, kama samaki. Nyingi zilikuwa za tui: tui limesimama duara, lina ncha pande zote, na juu ya kila ncha kitone kimekaa kama ushanga. Nilidhani ni meno. Lakini ya mwisho kwenye kamba ilikuwa sindano, na chini ya sindano tone kubwa kama embe, na ndani ya tone alikuwamo Mwanaidi. Kichwa chini, miguu juu. Gauni lake, mkono wake mdomoni. Mwarobaini wa uani nao ulikuwa umepinduka naye.

Mlango, mti na mtoto, vyote vimo ndani. Kichupa cha maji yale mazito kilikuwa dirishani, kimefungwa kwa kizibo, hakijafika nusu.

Wiki hiyo Mwanaidi alikuwa na mafua, analala mchana, haongei sana. Leo najua ni mafua. Wakati ule niliona anapungua.

Nikakichukua kichupa kile. Sikukiona kama wizi, nilikuwa narudisha kilicho chetu. Nyumbani nilikimimina chote kwenye bakuli lile lile la mama, nikasoma nilichojua, nikamkalisha Mwanaidi kuelekea kibla.

"Kunywa."

"Nini?"

"Ni wewe. Kunywa."

Akanywa, akalamba midomo. "Ni tamu," alisema.

Kabla ya magharibi tumbo likamharibikia, na kesho yake asubuhi bado alikuwa anakwenda na kurudi uani, amechoka, macho yameingia ndani. Idi ilikuwa karibu kuandama. Nilimwona Shangazi mlangoni kabla hajafika, namwona anamkuta mtoto katika hali ile. Na ndipo alipobisha hodi Mama Tone.

Alisimama mlangoni mvua ikimtiririkia shatini, kichwa kinagusa makuti.

"Chupa ndogo," alisema. "Wewe chukua?"

"Nimechukua."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha Mwanaidi kwa kidole. Uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, nikaona hofu. Alipiga magoti sakafuni, akamshika mtoto kifua, akamtazama ulimi, akaniuliza amekunywa kiasi gani. Kisha akapumua.

"Glisirini," alisema. "Ya duka la dawa. Na maji. Haiui. Tumbo kwenda, basi, kwisha. Mpe maji, sukari, chumvi. Sasa. Mpe tena." Akakaa pale pale chini mpaka nilipokoroga, mpaka Mwanaidi alipokunywa, mpaka alipolala. Ndipo akaniuliza, polepole, "Kwa nini?"

Sikuwa na njia ya kuzunguka. "Umemtia ndani ya tone. Nimemwona."

Hakucheka. Nadhani angecheka ningemchukia hadi leo. Akasema, "Kesho njoo. Wewe tazama mwenyewe."

Nilikwenda na Athmani, ili kama kuna jambo, mmoja apige kelele. Mama Tone aling'oa kaniki za mlangoni, akatundika tone kwenye sindano, akaniweka nyuma ya kamera. Nililazimika kufumba jicho moja kwa vidole. Kwanza niliona ukungu, kisha akageuza kitu, na tone likaja mbele yangu kubwa, linang'aa, na ndani yake uani wote umepinduka. Athmani akiwa kichwa chini anajikuna goti.

"Athmani, umo ndani," nikasema.

"Nimo wapi? Niko hapa."

"Ondoka hapo."

Akaondoka. Tone likabaki na mti peke yake.

"Rudi."

Akarudi, akatoa ulimi. Nikamwondoa na kumrudisha mpaka akachoka akakaa kitako. Kisha nikamwomba Mama Tone aende yeye. Akaenda akasimama chini ya mwarobaini, mrefu kama alivyo, na ndani ya tone akawa kidude kidogo kinachoning'inia kwa miguu, sigara yake inafuka kwenda chini. Alipotoka, alitoka mzima. Hakubakisha kitu.

Niliuliza swali moja tu. "Tone likianguka, aliyemo anakwenda wapi?"

"Hakuna aliyemo," alisema. "Yeye nje. Daima yeye nje."

Nikamtazama akiinua mkono kuirekebisha chupa ya dripu juu ya sahani. Nikamwambia mama yangu alitundikiwa chupa kama ile. Aliniangalia, kisha akaishusha, na katika siku nilizofanya naye kazi baada ya hapo alidondosha matone yake juu ya tui kwa kijiko, akimulika taa ya kamera kila tui liliporuka. Yalikuwa yakimharibikia, akitukana kwa lugha ya kwao, lakini chupa ile sikuiona tena. Picha ya Mwanaidi alinipa. Niliichomeka ukutani kwenye fremu ya kioo, penye mwanga wa dirisha.

Shangazi alifika Idi tatu, na boksi la halua. Tulikuwa tumefagia, vibibi vimepangwa kwenye sinia, Mwanaidi amepona na amevaa gauni lake la manjano, safari hii mbele mbele. Bi Rukia alikuwa amekuja kutupa mkono wa Idi. Tukampa Shangazi shikamoo zetu, akapokea kikombe cha chai, akamvuta Mwanaidi kati ya magoti yake na kumshika tena mikono.

"Anajua kuchota maji?"

"Bado mdogo, Shangazi."

"Atajifunza. Kufagia anajua? Mimi nina nyumba kubwa, na yule msichana aliyekuwa akinisaidia ameolewa." Akamgeukia Bi Rukia. "Si unaona? Hapa watakufa njaa. Kwangu atakula."

"Hapa pia wanakula," alisema Bi Rukia, akitazama sinia.

"Vibibi," alisema Shangazi. "Leo vibibi. Kesho? Mfungashie nguo zake, tunaondoka na gari la mchana."

Nikainuka kama mtu anayekwenda kufungasha. Mwanaidi ananitazama. Athmani amesimama mlangoni kama mtu anayeweza kuuziba. Na ndipo Shangazi alipoinua macho ukutani kunywa chai yake, akaiona picha.

"Nini ile?"

"Picha, Shangazi."

Akaikazia macho. "Huyu si Mwanaidi?"

"Ndiye."

"Mbona kichwa chini?"

"Yumo ndani ya tone."

"Tone la nini?"

"La maji ya yule mzungu mwenye kaniki madirishani."

Kikombe kilikuwa kimefika karibu na mdomo wake. Kikasimama hapo. "Kamtia ndani ya maji?"

"Nilimwona mwenyewe, Shangazi. Yeye, na mlango, na mti."

"Na hayo maji yako wapi?"

"Ameyanywa Mwanaidi. Nilimnywesha kwenye bakuli la mama."

"Ikawaje?"

"Tumbo lilimwendesha siku mbili. Sasa mzima."

Hakuna neno nililoongeza, wala sikupunguza. Kila alichouliza nilikijibu kama kilivyokuwa. Ningeweza kumwambia sogea dirishani Shangazi nikutundikie tone, utajiona mwenyewe umepinduka, halafu ondoka, tone litabaki tupu. Nililijua hilo wakati ule vizuri kuliko nilivyojua jambo lingine lolote. Sikulisema.

Shangazi alimtoa Mwanaidi kati ya magoti yake, taratibu, kwa ncha za vidole. Akaweka kikombe chini bila kukinywa, akakisogeza mbali na buibui lake. Bi Rukia alikuwa ameng'ata upindo wa kanga, mabega yanamtikisika, nami sikuthubutu kumtazama.

"Mtoto akishafanyiwa mambo," alisema Shangazi hatimaye, "asihamishwe hamishwe. Akae kwanza na nduguze."

"Haya, Shangazi," nikasema.

Aliondoka na gari la mchana peke yake. Halua alituachia.

Mama Tone alifunga mizigo yake mvua zilipokatika, wakati wenzake wanaanza kurudi. Kaniki aliniachia zote, nikazifua mara nyingi, na bado zilinuka tui lililochacha hadi zilipochanika. Mwanaidi alikulia hapa, akaolewa kutoka hapa, na sasa mabinti zake wawili hucheza sakafuni pale pale.

Nilipomaliza kumsimulia, alilisogeza kando bakuli la tui. Kisha akainuka, akaitoa ile picha kwenye fremu, imeshakuwa ya kahawia pembeni. Akaigeuza, yeye akawa amesimama wima, sindano chini, tone limebebwa juu yake. Akaitazama hivyo.

"Kwa hiyo alikuwa ananiogopa mimi," alisema.

"Wewe."

Akaanza kucheka, akajifuta macho kwa kanga. Nikamwambia kama anapenda, tuichomeke hivyo hivyo, wima, maana Shangazi ameshakwenda zake. Akawatazama wanawe pale chini, akaigeuza tena picha kichwa chini, akairudisha penye mwanga wa dirisha.

"Iache hivi," alisema. "Huenda akaja mwengine."